Umeme wa jua wawasha taa Handeni na Korogwe, lakini jiko bado la kuni

Na Mwandishi Wetu

MTO Pangani umekuwa ukizalisha umeme tangu miaka ya 1930. Kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilichojengwa kwa uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964. Mwaka 1995 kikafuata kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye uwezo wa megawati 68. Nyaya za msongo mkubwa zimepita kwa miongo mingi juu ya mashamba ya mkonge na mahindi kuelekea Tanga na Chalinze, huku familia zilizokuwa chini yake zikiendelea kuwasha vibatari.

Hali hiyo imebadilika kwa kiasi kikubwa. Nguzo zimefika katika vijiji vingi, na mahali ambapo hazijafika, paneli za umeme wa jua zimepanda juu ya mapaa. Katika Kata ya Kwedizinga, wilayani Handeni, kama ilivyo katika kata nyingine za wilaya hiyo na jirani yake Korogwe, kuishi nje ya gridi ya Taifa si lazima tena kuwe kuishi gizani.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo wakazi wengi wa mijini hawalioni wanaponunua paneli na kuwapelekea wazazi wao kijijini. Mwanga na joto ni mahitaji mawili tofauti. Paneli ndogo inalimudu la kwanza kwa urahisi, lakini la pili hailiwezi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi taa inawaka sebuleni na televisheni inaonyesha taarifa ya habari, huku nyuma ya nyumba mama akiendelea kupuliza moto wa kuni.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na nini kifanyike kwa kaya ambayo nguzo bado haijaifikia.

Nguzo zilipofika na zilipoishia

Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uliundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Kupitia miradi yake, mwananchi wa kijijini ameunganishiwa umeme kwa Sh27,000, kiasi ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na gharama halisi ya nguzo, nyaya na mita. Hadi mwaka 2025, Serikali ilikuwa imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa.

Msomaji anapaswa kulielewa vyema neno hilo “kufikiwa”. Kijiji huhesabiwa kuwa na umeme nyaya zinapofika katika eneo lake, mara nyingi pale penye shule, zahanati, ofisi ya kijiji na maduka. Lakini kijiji ni muungano wa vitongoji, na Tanzania Bara ina vitongoji zaidi ya 64,000. Mwaka 2024 takriban nusu yake ndivyo vilivyokuwa na umeme.

Kwa wilaya kama Handeni, tofauti hiyo ni kubwa. Hii ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na kaya nyingi zimejenga karibu na mashamba na malisho, mbali na barabara. Nyaya za msongo mdogo haziwezi kuvutwa mbali sana kutoka kwenye transfoma bila nguvu ya umeme kupungua njiani. Kwa hiyo nyumba iliyo kilomita mbili au tatu kutoka ofisi ya kijiji huhitaji laini mpya na transfoma yake. Mkandarasi akilinganisha gharama hiyo na idadi ya kaya zitakazohudumiwa, kitongoji hicho husubiri awamu nyingine.

Aidha, kuna kaya ambazo nguzo iko jirani lakini hazijaunganishwa. Sh27,000 ni za kuunganishiwa tu. Nyumba inatakiwa iwe imesukwa nyaya za ndani, kazi ambayo huweza kugharimu mara kadhaa ya kiasi hicho. Kifaa kinachoitwa Umeme Tayari, ambacho huja na soketi na swichi zake bila kusuka nyumba nzima, kimewasaidia baadhi ya wenye nyumba za chumba kimoja au viwili. Si kila aliye karibu na nguzo aliyekipata.

Paneli moja inatosha nini

Wakati nguzo zikisubiriwa, jua halikusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 paneli ilikuwa kitu cha misheni, zahanati na matajiri wachache. Bei zilipoanza kushuka na huduma za fedha kwa simu kuenea, yalikuja makampuni ya kukopesha mitambo midogo. Off-Grid Electric ilianzia Arusha mwaka 2012, na Mobisol ya Ujerumani nayo ikajijenga hapa nchini kabla ya kununuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka 2019. Utaratibu wake ulikuwa mteja kulipa kidogo kidogo kwa simu, na asipolipa mtambo hujifunga. Hatua ya Serikali ya mwaka 2011 ya kupandisha ushuru wa mafuta ya taa, kwa lengo la kukomesha uchakachuaji wa dizeli, nayo ilizidi kukifanya kibatari kuwa ghali.

Ili kujua mtambo unatosha nini, ni lazima kufanya hesabu kwa kipimo kimoja. Kipimo hicho ni uniti, ileile tunayoinunua kwenye Luku. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja.

Tuchukue mfano wa kaya ya watu sita. Ina taa nne za wati tano ambazo huwashwa saa tano kila usiku. Ina televisheni ndogo ya wati 20 inayotazamwa saa nne, na simu tatu za kuchaji. Jumla ya matumizi hayo kwa siku ni kama uniti 0.2, yaani sehemu moja ya tano ya uniti.

Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa tano huzalisha nusu uniti. Lakini si yote hufika kwenye taa. Joto la paneli, vumbi, nyaya na betri hula karibu theluthi moja, na kubaki uniti 0.33 hivi. Kwa matumizi ya kaya hiyo, kiasi hicho kinatosha na kubakisha akiba kidogo kwa siku za mawingu.

Hapa ndipo sifa za umeme wa jua zinapostahili. Taa za kisasa zinatumia umeme kidogo sana, kiasi kwamba paneli isiyozidi ukubwa wa meza ndogo inamwezesha mtoto kusoma usiku, simu ya biashara kuchajiwa nyumbani, na zizi kumulikwa. Hakuna moshi wa kibatari wala hatari ya kuunguza nyumba.

Kwa nini mitambo hufa mapema

Mitambo mingi haidumu kwa kadiri ya matarajio ya mnunuzi. Mara nyingi si paneli inayokufa, kwani paneli nzuri huweza kufanya kazi kwa miaka 20 au zaidi. Kinachokufa ni betri.

Kosa la kwanza ni kutumia betri ya gari. Betri hiyo imetengenezwa ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache injini inapowashwa, kisha ijazwe mara moja. Ikitumiwa kuwasha televisheni hadi umeme uishe, usiku baada ya usiku, huharibika ndani ya muda mfupi. Hata betri ya sola ya asidi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake. Kwa kaya ya mfano wetu, inayotaka kuvuka siku mbili za mawingu, hiyo ina maana ya betri ya volti 12 yenye ujazo wa Ah70 au zaidi. Betri za lithiamu huvumilia kutumiwa karibu zote na huishi miaka mingi zaidi, ingawa bei yake ya kuanzia iko juu.

Kosa la pili ni kuondoa kidhibiti chaji. Kifaa hicho kidogo huzuia betri isijae kupita kiasi wala kuisha kabisa. Taa zinapozimika saa tatu usiku wakati mpira haujaisha, kishawishi cha kuunganisha nyaya moja kwa moja kwenye betri huwa kikubwa. Mechi huonekana, lakini betri hulipa gharama.

Kosa la tatu ni nyaya nyembamba. Katika mfumo wa volti 12, waya mwembamba wa mita 15 au 20 hupoteza umeme mwingi njiani, na mwenye nyumba hudhani paneli ni mbovu.

Yapo pia makosa ya kuiweka paneli. Handeni na Korogwe ziko kusini kidogo mwa Ikweta, kama nyuzi tano hivi. Paneli hutakiwa ielekezwe kaskazini na kuinamishwa kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Paneli iliyolazwa tambarare chini ya mwembe, hata iwe ya bei gani, itatoa umeme wa kivuli. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, siku za mawingu mfululizo hupunguza uzalishaji hata kufikia chini ya nusu. Kaya iliyokadiria mtambo wake kwa jua la Januari hubaki gizani mwezi Aprili.

Joto ndilo mzigo mzito

Tuiache taa, twende jikoni. Kuchemsha lita moja ya maji hadi yatokote huhitaji uniti 0.09 hivi. Ni kidogo, lakini hakuna kaya ya watu sita inayochemsha lita moja. Kupasha ndoo mbili za maji ya kuoga, lita 40, kutoka ubaridi wa asubuhi hadi uvuguvugu, huhitaji karibu uniti moja. Hiyo ni sawa na umeme wote wa siku tatu kutoka katika ile paneli ya wati 100, bila taa wala simu.

Ukijumlisha chai, ugali, maharage na maji, kaya ya kawaida huhitaji uniti mbili hadi nne za joto kila siku. Tukichukua uniti tatu, ni mara 15 ya matumizi ya taa, televisheni na simu kwa pamoja.

Kuni nazo zina nguvu kubwa. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la uniti zaidi ya nne. Mzigo wa kilo 20 unaobebwa kichwani una uniti karibu 88. Jiko la mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto hilo kwa upepo na moshi, na pengine uniti kumi hivi ndizo hufika kwenye sufuria. Hata hivyo, ili kutoa uniti hizo kumi, paneli ya wati 100 ingehitaji mwezi mzima. Mzigo wa kuni hutumika kwa siku tatu.

Kwa hiyo mama anayeendelea kwenda porini baada ya mwanawe kumletea paneli hafanyi hivyo kwa ukaidi au kwa kukosa elimu. Anafanya hivyo kwa sababu paneli aliyoletewa haikukusudiwa kupika. Ili kaya hiyo ipike kwa jua peke yake kwa jiko la kawaida la umeme, ingehitaji paneli za karibu wati 1,000, betri yenye uwezo wa kuhifadhi uniti tatu hadi nne, na inveta ya kubeba mzigo huo. Ni mtambo wa ukubwa mara kumi ya ule wa taa.

Moshi na msitu

Gharama ya kuni hailipwi kwa fedha taslimu, na ndiyo maana ni rahisi kuisahau. Inalipwa kwa saa za kutembea na kwa mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Nchini Tanzania, Serikali imekuwa ikitaja takriban vifo 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na nishati chafu ya kupikia. Wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wadogo walio mgongoni mwao, kwa sababu ndio wanaokaa karibu na moto.

Mkazi wa mjini naye yumo katika hesabu hii. Handeni na jirani yake Kilindi ni miongoni mwa maeneo yanayopeleka mkaa mijini, ikiwamo Dar es Salaam. Mkaa unaochomwa kwa tanuri la udongo hupoteza joto jingi kabla haujafika sokoni. Kilo kumi za kuni hutoa kilo moja na nusu hadi mbili za mkaa, kwa maana kwamba zaidi ya nusu ya nguvu ya mti huishia hewani palepale porini. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku mkaa, lakini baada ya muda mfupi ililazimika kuulegeza msimamo wake kwa sababu miji haikuwa na mbadala.

Matokeo kwa wanakijiji ni kwamba miti ya karibu hupungua na safari ya kuni hurefuka. Anayebeba mzigo huo, aghalabu, si aliyeuza mkaa.

Baridi ya Bungu na Vugiri

Katika tambarare za Handeni hakuna anayepasha nyumba joto. Tatizo la huko ni nyumba ya bati kuwa tanuri mchana. Lakini sehemu ya Wilaya ya Korogwe inapanda hadi Usambara Magharibi, na katika miinuko ya Bungu na Vugiri baridi ya Juni hadi Agosti ni jambo zito. Wazee na watoto wachanga huhitaji chumba chenye joto, na hakuna paneli ya taa inayoweza kuwapa.

Njia inayotumika sana ni kuingiza jiko la mkaa chumbani. Wataalamu wa afya wanaonya vikali dhidi ya tabia hiyo. Mkaa unaowaka polepole hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Chumba kikiwa kimefungwa madirisha na milango, hewa hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama.

Zipo njia za bei ndogo. Dari, hata ya mbao nyepesi au mkeka, huzuia joto lisipotee kupitia bati. Kuta nene za matofali ya udongo hutunza joto la mchana hadi usiku. Maji ya kuoga huweza kupashwa na jua moja kwa moja, bila paneli wala betri, kwa kuyaweka katika pipa au madumu yaliyopakwa rangi nyeusi mahali pasipo na upepo. Jua linapopasha maji moja kwa moja hutoa joto jingi kuliko linapogeuzwa kwanza kuwa umeme.

Mbadala na mipaka yake

Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa kaya iliyo nje ya gridi, zipo njia nne za kufikiria.

Ya kwanza ni gesi ya mitungi. Mtungi wa kilo sita una joto la uniti 77 hivi, na karibu nusu hufika kwenye sufuria. Kwa mahitaji ya uniti tatu kwa siku, mtungi huo hudumu kama wiki mbili. Gesi huwaka mara moja na haina moshi. REA imekuwa ikisambaza mitungi kwa ruzuku ya hadi nusu ya bei. Tatizo ni kujaza. Mtungi unapoisha, fedha ya kujaza hutakiwa yote kwa pamoja, tofauti na kuni zinazookotwa au mkaa unaouzwa kwa kopo. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kwa wakala nayo huongezeka juu ya bei. Ndiyo maana mitungi mingi vijijini hutumika kwa chai ya asubuhi tu.

Ya pili ni biogesi. Ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa zizini hutoa kilo 40 za samadi kwa siku, ambazo zikichanganywa na maji lita 40 huweza kutoa gesi ya kutosheleza kaya ya mfano wetu. Mpango wa Taifa wa biogesi ya majumbani ulioanza mwaka 2009 chini ya kituo cha Camartec cha Arusha ulijenga mitambo mingi katika mikoa ya wafugaji wa ndani. Korogwe yenyewe ina historia katika teknolojia hii, kwani ni pale Hale ambapo mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa majaribio wa kilowati 150 unaotumia mabaki ya mkonge. Lakini Handeni maji ni adha ya muda mrefu, na mradi wa bomba la HTM unaoleta maji kutoka Mto Pangani ni wa tangu miaka ya 1970. Kuwaambia watu wanaopanga foleni bombani wamwage ndoo mbili kila siku kwenye shimo la samadi ni mzaha. Na ng'ombe wanaochungwa mbali huacha samadi yao porini.

Ya tatu ni jiko banifu. Halibadilishi nishati, bali linapunguza upotevu. Jiko la udongo lililojengwa vizuri, lenye mdomo mdogo na bomba la kutolea moshi, huweza kupunguza kuni kwa theluthi moja hadi nusu. Linajengwa kwa udongo wa palepale. Likiambatana na tabia ndogo ndogo, kama kuloweka maharage usiku, kufunika sufuria, na kukausha kuni kabla ya kuzitumia, matokeo huwa makubwa. Sufuria iliyokwisha kutokota ikifungwa ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu, maharage huendelea kuiva bila moto.

Ya nne ni jiko la presha la umeme. Hili limefunikwa na kuhifadhi joto, na hupika maharage kwa uniti 0.3 hadi 0.4, tofauti na jiko la kawaida la umeme ambalo huweza kutumia zaidi ya uniti moja. Shirika la TaTEDO la Dar es Salaam limekuwa likilihamasisha kwa miaka kadhaa. Kwa kaya yenye paneli za wati 400 au 500, betri ya lithiamu na inveta imara, kupika chakula kikuu kwa jua kunaanza kuwezekana.

Hata nguzo ikifika

Wapo wanaodhani kwamba tatizo litaisha siku nguzo itakapofika. Umeme nchini si haba. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025. Lakini swali la mama wa Kwedizinga ni bei ya kila uniti anayopikia.

Kwa bei zilizopangwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo hulipa Sh100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Kila uniti inayozidi hapo ni Sh350. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku.

Kaya ya mfano wetu ikipika kwa jiko la kawaida la umeme itatumia uniti kama 100 kwa mwezi. Uniti 75 za kwanza zitagharimu Sh7,500, na 25 za mwisho Sh8,750. Sehemu ndogo inazidi kubwa, na anayevuka kiwango hicho mara kwa mara huweza kuhamishiwa kundi la bei ya juu. Kaya hiyohiyo ikitumia jiko la presha, na maji ya kuoga ikayapasha kwa jua, huweza kushuka hadi uniti 45 au 50 kwa mwezi na kubaki ndani ya bei nafuu.

Hivyo nidhamu ya joto inayojengwa nje ya gridi haipotei nguzo inapofika. Inaendelea kuokoa fedha.

Kabla ya kununua paneli

Kwa msomaji wa mjini anayekusudia kuwasaidia wazazi walioko Handeni, Korogwe au kwingineko, mpangilio wa mahitaji ndiyo hoja kuu. Aulize kwanza nani anapika, anapika nini, kuni zinatoka umbali gani, na kama maji yapo. Fedha itakayobaki baada ya kununua televisheni kubwa mara nyingi ingetosha kujenga jiko banifu, kununua mtungi wa gesi na kuweka akiba ya kuujaza mara kadhaa.

Kwa upande wa mtambo wa taa, anunue paneli na betri zenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na dhamana ya maandishi, amtumie fundi aliyesomea, na aache namba ya fundi huyo kwa wazazi. Asikubali betri ya gari. Akadirie mtambo kwa jua la Aprili.

Serikali nayo, inapohesabu vitongoji vilivyobaki, haina budi kuhesabu majiko pamoja na taa. Mkakati wa mwaka 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa kugawa mitungi mara moja bila wakala wa karibu wa kuijaza, wala kwa kusimamisha nguzo bila kumwezesha mwananchi kupata jiko linalotumia umeme kidogo.